Kiyoyozi Ndani ya Boti na Hewa ya Wanaolala Humo

Asubuhi moja ya mwezi Februari, joto la kaskazi likiwa katika kilele chake, waliletwa katika chumba chetu cha huduma za dharura watu wawili waliotoka baharini. Wa kwanza alikuwa baharia wa miaka 23, aliyeshikwa mkono na mwenzake kama mtu asiyeona. Wa pili alikuwa mpishi wa boti hiyo hiyo, mama mwenye ujauzito wa miezi mitano. Malalamiko yao yalifanana mno: kichwa kuwauma tangu usingizini, kichefuchefu, kizunguzungu, na miguu kukosa nguvu. Siku nne kabla ya hapo walikuwa wamekwenda katika zahanati moja, wakapimwa malaria, wakaambiwa hawana vimelea, na hata hivyo wakapewa dawa za malaria. Wakazimeza. Waliposhinda nchi kavu walipata nafuu, na walipolala tena botini ugonjwa ukarudi.

Aliyewaleta ni nahodha wao, mzee wa umri wa kuwa baba yangu. Nilimwamkia, naye akaitikia kwa masikitiko.

"Daktari, vijana wangu hawa bahari imewakataa ghafla, na nimekaa nao miaka mingi."

Homa hawakuwa nayo. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha tena kwamba hawana vimelea. Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kilisoma asilimia 98 kwa baharia na 99 kwa mpishi, namba ambazo daktari yeyote mwenye foleni ndefu mlangoni angeziona na kupumua. Nami nakiri kwamba nilikwisha kushika kalamu niandike kuwa ni uchovu na kulevywa na bahari. Kilichonizuia ni kwamba watu wawili wasio na undugu walikuwa na ugonjwa mmoja, katika saa zile zile. Nikamuuliza nahodha ni nani mwingine hulala botini.

"Ni mimi, lakini mimi silali humo ndani. Nalala sitahani kama nilivyozoea. Ile baridi yao ya mashine siiwezi."

"Mashine gani, mzee?"

"Eesii, daktari. Mwenye boti kaifunga, sasa ni wiki mbili."

Mashine yetu ya kupima gesi za damu ina uwezo wa kutenganisha aina za hemoglobini, jambo ambalo hospitali nyingi hazina. Majibu yalionyesha kwamba asilimia 19 ya hemoglobini ya baharia ilikuwa imeshikwa na kaboni monoksidi, na ya mpishi asilimia 16, saa tatu baada ya wote wawili kutoka katika chumba walicholala. Kwa mtu asiyevuta sigara kiwango hicho hakipaswi kuzidi asilimia 3 hivi.

Kaboni monoksidi si ile hewa ukaa tunayoitoa mapafuni. Huzaliwa pale petroli, dizeli, mkaa au kuni zinapoungua bila oksijeni ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi unaoonekana na kunuka humfukuza mtu chumbani, lakini gesi hii humwacha amelala. Ikiingia katika damu hushikana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tena hemoglobini iliyokwisha kutekwa huonekana nyekundu, na ndiyo sababu kifaa cha kidoleni hudanganyika: hutumia mianga miwili tu, nacho hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii. Asilimia 98 niliyoiona ilikuwa hesabu ya vyote viwili kwa pamoja.

Kiyoyozi chenyewe hakitengenezi kaboni monoksidi. Hakina moto ndani yake. Kwa hiyo, baada ya kuwapa wagonjwa wetu oksijeni, lilibaki swali la njia, nami sikuweza kulijibu nikiwa wodini. Siku ya pili alasiri nilikwenda ilipotia nanga boti ile, katika ghuba ya Msasani, nikiwa na kifaa cha kupimia gesi nilichoazima kwa rafiki yangu anayesimamia usalama kiwandani.

Ilikuwa boti ya faibaglasi ya mita 12, yenye injini ya dizeli ndani, iliyozoea kuwapeleka watalii kupiga mbizi upande wa Mafia. Wageni hulala katika hoteli za kisiwani. Mabaharia hulala chomboni. Mwenye boti alikuwa pia amekubali kwamba ikihitajika chombo chake kitasafirisha wagonjwa wa rufaa kutoka kisiwani kuja jijini, na kiyoyozi alikifunga kwa sehemu kwa nia hiyo njema. Nalitaja hili kwa sababu lilinikosesha usingizi: mgonjwa aliyepungukiwa damu, au mama aliyetoka kujifungua kwa shida, angelazwa katika kitanda kile kile, na kila alama ya sumu kwake ingehesabiwa kuwa ni ugonjwa wake.

Fundi aliyefunga mashine tulimkuta huko. Ni kijana hodari, mwenye uzoefu mkubwa wa viyoyozi vya majumbani. Hapo ndipo penye mtego wa kwanza, kwa maana kiyoyozi cha boti hakifanani na kile cha nyumbani. Cha nyumbani kina sehemu mbili, moja ndani na nyingine nje, na joto hutupwa katika hewa ya nje. Hiki cha boti kimekusanya vyote katika kasha moja: kompresa, koili ya baridi, kondensa na feni. Gesi yake imekwisha kujazwa kiwandani na mabomba yake yamefungwa, hivyo fundi hahitaji kugusa gesi kabisa. Joto lake halitupwi hewani, hutupwa katika maji ya bahari yanayovutwa na pampu, kupitishwa kwenye kondensa, na kurudishwa baharini. Kasha zima huwekwa ndani ya chumba, mara nyingi chini ya kitanda au ndani ya kabati. Fundi wa nyumbani, aliyezoea mashine ambayo nusu yake iko nje ya ukuta, hana desturi ya kujiuliza kasha hili limezungukwa na hewa gani.

Upande wa maji alikuwa ameufanya vizuri, na nilimsifu. Tundu la kuingizia maji lilikuwa chini kabisa karibu na mkuku, kifuniko chake chenye matundu kikielekea mbele ili mwendo wa boti usaidie kuyasukuma maji ndani. Lilikuwa tundu la kiyoyozi peke yake, halikuazimwa kwa injini. Juu ya tundu ipo koki ya kufungia, kisha chujio, kisha pampu, na pampu ilikuwa chini ya mstari wa maji, kwa kuwa pampu za aina hii haziwezi kujivutia maji zenyewe zikiwa juu. Kutoka hapo mpira ulipanda moja kwa moja hadi kwenye kasha bila kushuka na kupanda tena. Ukiacha bonde katika mpira, hewa hukwama na maji hukatika. Kila kiungio kilikuwa na klipu mbili. Maji yaliyotumika yalitoka ubavuni, juu kidogo ya mstari wa maji, mahali ambapo mtu aliyesimama gatini anayaona. Kwa kiyoyozi cha BTU 12,000 yanatakiwa maji ya kiasi cha lita 11 kwa dakika. Yakipungua, mashine hujizima, na mara nyingi kosa huwa ni chujio lililojaa mwani.

Ukubwa wa mashine nao haukuwa mbaya. Mafundi wa vyombo huhesabu kwa eneo la sakafu: kiasi cha BTU 650 kwa kila mita ya mraba kwa chumba kilicho chini ya sitaha, 970 kwa kilicho nusu juu, na 1,300 kwa chumba cha juu chenye vioo vingi vinavyopigwa na jua. Wenye boti wengi hupenda kuzidisha, wakidhani kubwa ndiyo bora. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza upesi na kujizima kabla haijatoa unyevu hewani, chumba kikabaki baridi na chepechepe, godoro likaota ukungu, na mwenye pumu akaja kwetu.

Tulifungua kitanda. Kasha lilikuwa limekaa chini yake, limefungwa imara kwa skrubu. Mbele ya kitanda kulikuwa na wavu mdogo wa kuingizia hewa kutoka chumbani. Lakini nyuma ya kasha, katika kiambaza cha plaiwudi kinachotenga chumba na injini, palikuwa na matundu matatu: moja la nyaya, moja la mpira wa maji, na moja la zamani ambalo hakuna aliyekumbuka lilitobolewa kwa kazi gani. Kila tundu lilikuwa pana kuliko kilichopita ndani yake. Feni inapovuta, haichagui. Huvuta hewa kupitia wavu, na huvuta pia kupitia tundu lolote lililo karibu. Nilishika kipande cha karatasi laini mbele ya tundu lile la zamani, mashine ikiwa imewashwa, nacho kikanata kwenye plaiwudi.

Njia ya pili ilikuwa nyembamba zaidi, na ndiyo iliyonifundisha jambo jipya. Koili ya baridi hutoka jasho, kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani. Katika usiku wenye unyevu wa pwani yetu, jasho hilo hujaza ndoo. Hukusanyika katika sinia lililo chini ya koili na kutoka kwa mpira mdogo. Fundi alikuwa ameupeleka mpira huo ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji yote yanayoingia hukusanyika, na mdomo wake aliuacha hapo, chini ya injini. Wahenga wa pwani walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na nahodha alinikumbusha methali hiyo tukiwa tumepiga magoti pale. (Wenzangu wa tiba wasichanganyikiwe: tezi hapa ni sehemu ya nyuma ya chombo, na omo ni ya mbele.) Kinachorejea ngamani si maji tu. Mafuta yaliyovuja, mvuke wa petroli na moshi uliopotea njia hukutana huko pia. Na kwa kuwa sinia lipo upande ambao feni huvuta, mpira ule usipokuwa na maji ndani yake huwa bomba la kunyonyea: jasho linashuka, na hewa ya ngamani inapanda.

Bado tulihitaji kujua moshi ulitoka wapi, kwa sababu usiku injini kubwa huzimwa. Nilipouliza umeme wa kiyoyozi unatoka wapi, baharia mmoja alinipeleka tezini na kufungua mlango wa kabati la kamba. Ndani yake kulikuwa na jenereta ndogo ya petroli, ile ya kubebwa kwa mkono, tunayoijua sote kutoka madukani na harusini. Iliwekwa humo ili kelele isiwasumbue watu, mlango ukiachwa wazi kidogo. Nyuma ya kabati hilo hapakuwa na kitu isipokuwa nafasi ya injini, na chini yake ngama.

Tuliiwasha kama inavyowashwa kila usiku, tukafunga madirisha, tukawasha kiyoyozi, na kuweka kifaa cha kupimia juu ya mto. Hakuna aliyebaki ndani. Baada ya dakika 40 nilichungulia kupitia kioo: sehemu 170 kwa milioni, na bado namba ilikuwa inapanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu hewa ya ndani unataka wastani wa saa nane usizidi miligramu 10 kwa mita ya ujazo, ambazo ni kama sehemu 9 kwa milioni. Fundi alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Daktari, kitabu chake ninacho. Kimeandikwa Kiingereza, mimi nilifuata picha." Tulikisoma pamoja. Onyo lipo, katika ukurasa unaohusu mpira wa jasho: usiishie katika chumba cha injini au jenereta, usiishie ngamani isipokuwa katika kisanduku kilichofungwa chenye pampu yake, wala usitokee karibu na mahali moshi unapotolewa. Sikupata ujasiri wa kumlaumu. Sisi wenyewe huwapa wagonjwa dawa zenye karatasi za maelezo kwa lugha wasiyoisoma, tukiamini picha ya jua na mwezi inatosha.

Ajali za namna hii zina historia ndefu kwingineko. Katika Ziwa Powell, lililo katika majimbo ya Utah na Arizona nchini Marekani, mwezi Agosti 2000 ndugu wawili wa kiume walifariki wakiogelea nyuma ya boti kubwa ya kulala. Jenereta ya boti hiyo ilitoa moshi wake katika uwazi uliokuwa chini ya sitaha ya nyuma, nao waliingia humo. Uchunguzi uliofuata ulikusanya matukio zaidi ya 100 ya sumu hii katika ziwa hilo moja kuanzia mwaka 1990, na sehemu kubwa ilihusu moshi wa jenereta, mashine ambazo huwashwa katika joto la kiangazi ili viyoyozi vifanye kazi. Kwetu boti zenye viyoyozi bado ni chache, lakini zinaongezeka kila mwaka, pamoja na jenereta ndogo za petroli zinazoziendesha.

Kazi ya kurekebisha ilichukua siku mbili. Matundu ya kiambaza yalizibwa kwa gundi isiyopitisha hewa, na lile la zamani likafunikwa kwa kipande cha plaiwudi na kupakwa faibaglasi. Wavu wa kuingizia hewa ulipanuliwa, ili feni ipate hewa ya kutosha kutoka chumbani na isiitafute kwingine; kisha nafasi yote ya chini ya kitanda ikatengwa na sehemu nyingine za boti. Mpira wa jasho ulifupishwa, ukapewa kipindo chenye maji kama kile kilicho chini ya sinki la jikoni, na kuelekezwa katika kisanduku kilichofungwa chenye pampu ndogo inayotupa maji nje, ubavuni, mbali na bomba la moshi. Kipindo hicho hukauka kiyoyozi kisipotumika kwa wiki kadhaa. Nahodha sasa humimina kikombe cha maji katika sinia kabla ya kukiwasha, na nadhani yeye ni mwaminifu zaidi kwa kikombe hicho kuliko wagonjwa wangu wengi kwa vidonge vyao.

Kuhusu jenereta hatukupatana mara moja. Mwenye boti alipendekeza iwekwe juu ya sitaha, penye upepo. Nilikataa, na nahodha aliniunga mkono kwa sababu yake mwenyewe: boti iliyotia nanga hugeuka na upepo, na mahali palipo salama saa mbili usiku huwa mbele ya dirisha saa tisa. Jenereta ya petroli ndani ya kabati ina hatari nyingine isiyohusu mapafu, maana mvuke wa petroli na cheche vikikutana ngamani hakuna daktari atakayehitajika. Hatimaye ilikubaliwa kwamba kiyoyozi kitawashwa kwa umeme wa gatini tu, boti ikiwa imefungwa, hadi itakapopatikana jenereta ya dizeli iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo, yenye bomba la moshi linalopozwa kwa maji na kutokea nje ya ubavu. Dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko petroli. Kidogo haimaanishi hakuna. Umeme ulipewa swichi yake peke yake na kikatio kinachozima unapovuja, kazi iliyofanywa na fundi umeme mwenye leseni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyenituma kulitafuta. Kompresa ya kujazia mitungi ya wapiga mbizi ilikuwa mita mbili tu kutoka katika kabati la jenereta. Laiti zingewashwa kwa wakati mmoja, sumu ingejazwa ndani ya mtungi na kuvutwa chini ya maji, ambako shinikizo huizidishia nguvu. Mdomo wa kuvutia hewa wa kompresa hiyo sasa una mpira mrefu unaopanda hadi juu ya paa, upande unaotoka upepo.

Kwa wahudumu wenzangu, hususan walio katika zahanati za pwani na visiwani, na pia wa maziwa makuu, naomba swali hili liingie katika mazungumzo na mgonjwa mwenye maumivu ya kichwa yasiyo na homa: umelala wapi, na kulikuwa na kitu gani kinachoungua karibu nawe? Ulizeni kama wengine waliolala hapo wanaumwa, na kama nafuu huja wakitoka. Msingoje ngozi iwe nyekundu kama vitabu vya zamani vinavyosema. Dalili hiyo ni adimu, na mara nyingi huonekana kwa waliokwisha kufa. Msiiamini namba ya kidoleni. Mkishuku, msingoje kipimo: mtoeni mgonjwa mahali hapo, mpeni oksijeni kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, lita 15 kwa dakika, hadi dalili ziishe, na kwa kawaida huhitajika saa kadhaa. Hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi sita kupunguza sumu hii damuni kwa nusu. Oksijeni kamili huchukua kama saa moja na robo. Aliyepoteza fahamu, mwenye maumivu ya kifua, mtoto mchanga na mjamzito wapelekwe hospitali kubwa huku oksijeni ikiendelea njiani.

Mjamzito anahitaji neno la ziada. Hemoglobini ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu zaidi na huchelewa kuiachia, hivyo mama anaweza kuketi na kuzungumza vizuri ilhali mwanawe bado yuko hatarini. Mpishi wetu alisema amepona baada ya saa mbili na alitaka kurudi nyumbani kwa watoto wake. Tulimsihi abaki, na alivaa barakoa hadi usiku, akilalamika kwamba inamkausha midomo. Baharia tulimruhusu siku iliyofuata kwa sharti la kurudi, maana kwa baadhi ya watu usahaulifu, kubadilika tabia au kutetemeka huanza siku au wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau kisa. Alirudi mara tatu. Mara ya pili mama yake alisema kijana amekuwa mkimya na hasira zake ziko karibu. Ilipofika mwezi wa tatu alikuwa amerejea katika hali yake.

Na kwa wenye vyombo: king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri ni kitu kidogo, kinachoenea kiganjani. Madukani kwetu hakipatikani kirahisi, lakini huagizwa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya kiyoyozi. Kitundikwe ndani ya chumba cha kulala, karibu na kichwa cha aliyelala, si jikoni wala karibu na injini. Kikilia, tokeni nje kwanza, kisha ndipo mtafute sababu. Kina muda wake wa kuisha, ulioandikwa mgongoni.

Mpishi alijifungua mwezi Juni, mtoto wa kike wa kilo 2.9, aliyelia mara moja. Tunaendelea kumfuatilia katika kliniki ya watoto, na mpaka sasa anakua kama wenzake. Mwezi uliofuata, katikati ya msimu wa kusi, boti ile ilimleta jijini mgonjwa wake wa kwanza wa rufaa kutoka Mafia. Nahodha alinipigia simu kabla ya kung'oa nanga. Kiyoyozi hakikuwashwa, jenereta ya dizeli ilikuwa haijafika. Bali alijua kwamba kusi ingewasukuma kutoka nyuma njia nzima na kuurudisha moshi wa injini chumbani, na alitaka kuwa na hakika ni mlango upi aufunge. Nilimwambia afunge wa nyuma na kufungua madirisha ya mbele. Akaniambia hivyo ndivyo alivyokwisha kufanya.